Kitanda cha Mama na Televisheni Mbili

…kwa hiyo hii inasoma Dolby lakini haisomi hiyo nyingine, tenplasi, na ile ya pale inasoma tenplasi lakini Dolby haiijui kabisa, na zote mbili Majidi ameziwasha ukutani mwa duka lake bega kwa bega, zinaonyesha ndege yule yule akinywa maji yale yale, na Kulwa anatakiwa aone tofauti, anaiona, haioni, anaiona tena, yule ndege wa kushoto mbawa zake zinang'aa zaidi au ni mwanga wa mlangoni unaompiga, hajui, anachojua kwa hakika ni kwamba Doto alinunua ya Dolby, hilo halina ubishi, boksi lake lilikaa barazani kwa Doto wiki nzima, limeegemezwa ukutani, maandishi yakitazama njia, mtu ana nyumba ya vyumba vinne na stoo juu yake, halafu boksi tupu la televisheni analiweka barazani, kwa ajili ya nani kama si wapitanjia, na mpitanjia mkuu wa njia ile ni nani kama si dada yake… "Mimi sikudanganyi, dada Kulwa," anasema Majidi, "wewe umewashonea wanangu sare tangu chekechea, nikikudanganya nitakutazama vipi," na anachukua kitambaa anafuta kioo ambacho hakina vumbi, "hizi ni aina mbili za picha, kila kampuni imeshika upande wake, hakuna aliyeshinda mpaka leo," na neno hilo Kulwa amelisikia maisha yake yote, hakuna aliyeshinda mpaka leo, na kesho Jumamosi Wilbroad, mume wa Doto, anakuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kuchukua kitanda cha mama.

Kitanda cha mama! Doto alipiga simu juzi kwa ile sauti yake ya asali, "Dada, mama anasema usiku anachoka kurudi Chemchem huko kwako, tumeona tu kitanda chake kije huku," tumeona, nani ameona, lini mmekaa mkaona, Kulwa hakuitwa, Kulwa alikuwa ameshika simu kwa bega, sindano mdomoni, sketi ya mtoto wa watu chini ya mguu wa cherehani, akajibu kwa pua tu, mh, na mshono ukaenda upogo mpaka akaufumua wote… kurudi Chemchem huko, kana kwamba Doto hakai Chemchem hiyo hiyo, kutoka mlango huu hadi ule unamaliza kutafuna muwa mmoja umefika, mababu zao walibeba pembe mabegani kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi na bando za vitambaa, leo mama mzima anachoka kuvuka kona mbili! Anachoka, au ameonja. Ameonja, hilo ndilo neno lake. Ilianza na misa ya Jumapili, miguu inamuuma, asikilize misa kwa Doto kwenye televisheni, haya, nani atamkataza mama misa, kisha ikaja ile tamthilia ya jioni ya Waturuki wanaozungumza Kiswahili cha Dar es Salaam, kisha taarifa ya habari, kisha mvua, mama kalala huko, kisha hakuna mvua na mama kalala huko, na Kulwa anarudi kutoka kazini anafungua kufuli mwenyewe, anawasha taa mwenyewe, anapika ugali mdogo ambao hata chungu kinauonea aibu, tangu mumewe Tobias afariki nyumba ile ilikuwa na watu wawili, yeye na mama, sasa inabaki na mtu mmoja na redio, na wivu unamkaa hapa, chini ya titi la kushoto, anaweza kuweka kidole akauonyesha… "Inchi ni zile zile, hamsini," Majidi anasema, "uzito ule ule, tofauti ni picha tu." Picha tu! Kama picha ingekuwa tu, mama angekuwa nyumbani.

Na aliyeharibu ni Doto, wala asitafutwe mwingine, maana Kulwa ndiye hutangulia na Doto ndiye hufuata, hivyo ndivyo walivyotoka tumboni kule Tura, stesheni ikiwa kama uwanja wao wa nyumbani, na hivyo ndivyo walivyolelewa, Kulwa anawe kwanza, Kulwa amegewe kwanza, Doto akaja kuchumbiwa mapema, yeye mwenye mashavu, na barua ya kina Wilbroad ikakaa kabatini miaka mpaka Tobias alipojitokeza, hakuna aliyenung'unika, na kitu kingine, kikubwa kuliko hicho, pacha hapewi mmoja akanyimwa mwenzake, ukimpa mmoja unamuugulisha wa pili, mama yao, Getruda, aliishika sheria hiyo kuliko hata amri za kanisa, akipata kitambaa cha gauni moja anakirudisha dukani, wote wakae na matambara, Doto akiugua surua Kulwa mzima wa afya anashikwa pua ananyweshwa ile dawa chungu, na siku Doto alipoiba sukari ya wageni zikaletwa fimbo mbili, moja ya mwizi, moja ya Kulwa, ili isimpite, na Kulwa alilia lakini, ajabu, alilia akiwa ametulia moyoni, maana wamepewa sawa… basi na televisheni ilikuwa hivyo, atangulie Kulwa, Doto afuate, na Doto aliuliza, hawezi kukana kwamba aliuliza, mwaka hadi mwaka, "Dada, umeshanunua?" na Kulwa anamjibu bado, ngoja kwanza, kwa sababu yeye si mtu wa kuparamia vitu, zilipokuwa za chogo alisema ngoja, zinakuja nyembamba, zikaja nyembamba akasema ngoja, wanazima mitambo ya analojia, wakazima kweli, na jirani zake waliokurupuka wakabaki na masanduku yanayoonyesha chenga kama mvua ya mawe, nani alicheka, Kulwa alicheka, kisha vikaja ving'amuzi, hiki kinaonyesha mpira hakionyeshi bunge, kile kinaonyesha bunge hakionyeshi mpira, akasema ngoja waelewane, kisha picha zikawa HD, kisha HD kamili, kisha hiyo ya K nne, kila akishika kibeti chake wanatoa nyingine, mwenye pupa hadiriki kula tamu, hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, na Wilbroad siku ya Krismasi, mdomo umejaa pilau, akamrudishia mbele ya watu, "Shemeji, na ngoja ngoja huumiza matumbo," wakacheka wote, mama akacheka, mama! na haukupita muda boksi likaonekana barazani.

Hakumwambia. Hilo ndilo linalokera kuliko boksi. Angesema tu, dada nimechoka kungoja, wangegombana, wangenuniana mpaka Jumapili wakayamaliza, lakini alinyamaza kimya, akatangulia kimya, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu siku walipozaliwa, na bado mbele ya watu anamwita dada… "Nikufungie hii ya Dolby?" Majidi anauliza, "ndiyo kama ya mdogo wako, alinunua hapa hapa," na Kulwa anajibu haraka kuliko alivyotaka, "Sijasema nataka kama yake," na Majidi anasogea kwenye ile nyingine, haraka naye, "Basi tenplasi," na Kulwa anaitazama tenplasi, ndege anakunywa, na anaona tayari itakavyokuwa, ataifunga ukutani, atamwita mama, itakuja siku filamu fulani au mechi fulani imetengenezwa kwa Dolby, kwa Doto itawaka kama jua la asubuhi na kwake itafifia kama chai ya maziwa ya jana, na Doto atasema kwa upole, pole dada, naapa atasema pole, na akinunua Dolby, je, basi Kulwa ndiye aliyefuata, Kulwa amekuwa Doto, na ikitokea ile Dolby ndiyo inayokufa na tenplasi inayobaki, watakuwa wameangukia wote wawili shimo moja, jambo ambalo, akilifikiria sana, lina nafuu yake… hapana. Anataka iliyo bora. Anataka picha ambayo mama akiketi mbele yake asinyanyuke. Anataka kesho kirikuu kikifika mlangoni mama aseme, na aseme kwa sauti Wilbroad asikie, acheni kitanda changu hapo hapo kilipo.

Maana wameshapita kiasi sasa, hata heshima imekwenda, jioni moja Kulwa alimpelekea mama mlenda wa karanga, ule anaoupenda, bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akafika dirishani kwa Doto kabla hajapiga hodi akamsikia Doto anasoma rangi! Televisheni inaongea na Doto anaongea juu yake, "Sasa amesimama mlangoni, mayu, mama yangu, ana hereni ndefu, gauni la kijani, analia lakini machozi hayafuti, mumewe anatazama chini, lo, ana pete nyingine kidoleni," na mama anasema, "Ehee, ehee, na yule mzee?" na Doto, "Mzee kashika fimbo, anatetemeka mkono," kwa sauti ya juu, sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka barabarani, na Kulwa akasema moyoni, ndiyo, hiyo ndiyo Dolby, mnunuzi wa Dolby lazima awatangazie majirani hereni na pete, lazima mama afundishwe kuishangaa, na akageuka na mlenda wake, hakupiga hodi, akaenda kuula peke yake… "Anayeangalia sana nyumbani ni nani?" Majidi anauliza. "Mama yangu." "Ahaa, bibi Getruda," anasema Majidi, "basi nieleze, huwa anakaa umbali gani na kioo, maana mwenye kukaa karibu nitampa ushauri mwingine na wa mbali mwingine." Swali jepesi. Kulwa anaanza kupima kwa akili. Kwake hapajakuwa na kioo, kwa hiyo itabidi amtazame mama alivyokaa kwa Doto, na amemwona, mara kadhaa ameingia na kutoka pale, salamu za kununa, shikamoo mama, haya naenda, amemwona, kiti chake ni kile cha kamba, kimewekwa… kimewekwa wapi, televisheni iko ukuta wa mashariki, kochi la Wilbroad linaitazama, watoto mkekani wanaitazama, na kiti cha mama kiko kando ya kochi la Doto, kimegeuka, magoti ya mama yanagusana na magoti ya Doto, hakitazami mashariki. Kinamtazama Doto. Mama ameipa televisheni sikio la kulia.

"Dada?" anasema Majidi. Ngoja, Majidi, nyamaza kidogo… mama anaangalia televisheni kwa kuipa sikio. Kwa nini Doto amsomee mama hereni kama mama anaziona hereni? Na mchele, mchele ule, mama aliyechambua mchele wa nusu ya wake wa reli ya Tura, halipiti jiwe mkononi mwake, akaanza kuleta ugomvi wa mchele, leo kichwa kinamuuma, kesho atauchambua, na siku alipouchambua Kulwa akavunja jino la nyuma, na kanga aliyomletea Pasaka, alisema nzuri sana mwanangu kabla haijafunguliwa, aliipapasa pindo tu, akasema, nisomee jina lake, Kulwa akadhani anataka kubembelezwa, na chai iliyojaa ikamwagikia sahani, na siku hizi mtu akiingia uani mama anauliza mapema, "Nani huyo?" mwenyewe aliyekuwa akimjua mtu kwa mwendo wake angali huko kwenye kona, na ile asubuhi Doto alimpeleka hospitali, "kupima presha" walisema, Kulwa alikasirika kwamba hakuambiwa, alikasirika sana hata asiulize kilichoonekana, wakarudi kimya wote wawili, na juu ya friji la Doto kuna kichupa cha matone, amekiona, akadhani cha mtoto… kichupa kidogo cheupe cha matone ya macho, kimekaa pale wazi, hakikufichwa na mtu. Yeye ndiye hakukitazama. Ndani ya nyumba ya Kulwa mama anatembea bila kugusa ukuta kwa sababu kila kitu kiko pale kilipokuwa tangu siku alipohamia, Kulwa ni mtu wa utaratibu, hahamishi hata ndoo, anatoka alfajiri anarudi taa zimewaka, na mama amekaa kitandani mikono mapajani, umeshindaje mama, salama mwanangu, na yeye aliona umri tu, ukungu mdogo, nani hana ukungu umri ule.

Mama haoni. Doto anajua, Wilbroad anajua, pengine wale watoto wa mkekani wanajua, na yeye Kulwa, aliyetoka kwanza, hajui. Amepewa Doto peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu Tura mama ameshika kitu kimoja akampa pacha mmoja, na hicho kitu si gauni wala dawa wala fimbo, ni macho yake, na wivu unaopanda sasa si ule wa boksi barazani, ule ulikuwa wa kitoto, huu unamkausha mate, angepewa naye, angepewa nusu, angenyweshwa naye kama surua… na kwa nini hakupewa, analijua, Mungu wangu, analijua kabla hajamaliza kuuliza, ile siku ya jino, alitema wali sahanini akasema, tena alisema akicheka, mzaha wa nyumbani, "Mama, huu ulichambua kwa macho ya nani?" na mama alicheka naye, akafuta mikono kwenye kanga, akainuka, na hakushika tena ungo. Mtu anaambiwa hivyo halafu aseme nini. Atafute anayeweza kuambiwa. Doto hana utaratibu, kwa Doto ndoo zinazagaa, unaweza ukajikwaa ukavunjika, lakini Doto ana mdomo, tangu utotoni ana mdomo, treni ikisimama Tura Kulwa anahesabu mafungu ya karanga na Doto yuko dirishani anasimuliana na abiria, na wakirudi nyumbani Doto ndiye anayemweleza mama mabehewa yote, nani kavaa nini, nani kamnunia mumewe, na Kulwa anasema acha maneno, tumalize kazi… sauti ya juu haikuwa ya barabarani. Mwanamke wa televisheni alikuwa akilia, ilibidi Doto amzidi sauti.

"Kama bado hujaamua, dada, si lazima leo," Majidi anasema, ameshaweka kitambaa chini, "wengine husema mwakani watatuletea moja inayosoma zote mbili," na ni neno ambalo Kulwa angelidaka kwa mikono miwili siku yoyote nyingine, ngoja mwakani, lakini leo linapita kama la mtu anayeongea na mwingine, kwa sababu ndege amekwisha na picha mpya imekuja, kwenye vioo vyote viwili pamoja, uwanja fulani wa nchi fulani, kuna mapipa na watu wanatia nyuzi rangi, na mwanamke anainua fungu la nyuzi kutoka ndani ya pipa, linachuruzika, na Kulwa hatafuti tena ipi inang'aa zaidi, anajaribu kitu kingine, midomo inacheza tu, sauti haijatoka: kuna mwanamke, mama… na hapo hapo amekwama. Mwanamke gani. Mzee au bado. Amesimama, ameinama, kuna jua, watu wanafanya nini nyuma yake, mtu anaanzia wapi, Doto huanzia wapi, yeye husema tu amesimama mlangoni na mama anamwona, na Kulwa ana mwanamke mzima mbele yake mara mbili, inchi hamsini hamsini, na hawezi kumfikisha hata mlangoni. Anamwonea Doto wivu kwa ule mdomo, anakiri, anamwonea wivu kiasi cha kutaka kulia katikati ya duka la watu. Lakini Doto hajui rangi. Hilo nalo ni kweli, wala si wivu, kijani, alisema, gauni la kijani, kijani gani, kuna kijani cha mgomba na kijani cha chupa na kile cha mahindi machanga, Doto kwake vyote ni kijani, amempa mama gauni lisilo na rangi miezi yote hii na mama amenyamaza kwa adabu, wakati mwenye rangi ni Kulwa, aliyeshika vitambaa maisha yake yote, na aliyemfundisha rangi ni mama mwenyewe alipokuwa akimtuma uzi, nenda kaniletee rangi ya ufuta uliokaangwa, siyo mbichi, uliokaangwa, kwa hiyo mama anazo, ziko kichwani zimepangwa, anahitaji mtu wa kumtajia tu… anainama, mama, mikono mpaka kiwiko imo ndani ya pipa, si mzee, ana kitambaa kichwani kimelowa, na uzi anaoutoa ni zambarau. "Umesema, dada?" anauliza Majidi. "Hapana, endelea na kazi zako," anasema Kulwa, sauti imetoka sasa, hafifu, hamtazami, macho yako kwenye kioo, kioo chochote kati ya viwili… zambarau, mama, lakini si ile ya padri ya Kwaresima, imepauka kidogo, kama kanga iliyofuliwa sana ikaanikwa juani, na maji yanayodondoka ni mepesi kuliko uzi wenyewe, karibu ya waridi, sasa anaukamua, anamcheka mtu ambaye hatumwoni.